Mwezi wa Agosti katika Tarehe za Pwani Yetu

Wasomaji wetu wa Muheza, Pangani, Tanga na kwingineko, mwezi wa Agosti ni mwezi wa nafasi kidogo kwa mkulima. Masika yamekwisha pita, mahindi yamekwisha vunjwa, baridi ya kipupwe ingaliko asubuhi, na njia zilizokuwa matope tupu sasa zapitika kwa mguu. Baharini kusi ingali ikivuma, lakini nguvu zake zinaanza kupungua, na mabaharia wanatazamia siku za demani. Ndio mwezi tuliouchagua kuuzungumza leo. Maana mtu akichukua habari za pwani yetu akazifuata mwaka kwa mwaka, ataona ya kuwa mambo mengi yaliyobadili maisha ya baba zetu yalitukia katika mwezi huu. Manowari zilitia nanga, bendera zilitwekwa na nyingine kushushwa, miji ilichomwa, na majeshi yalikwenda bara yasirudi.

Wako wasemao kuwa ni bahati tu. Sisi twaona kwamba sehemu ni bahati, na sehemu ina sababu yake. Sababu ya kwanza ni upepo. Kabla ya merikebu za moshi, chombo chochote kilichotoka kusini kuja kwetu kilihitaji kusi, nayo huanza kuvuma karibu na mwezi wa Aprili. Sababu ya pili ni chakula na njia. Jeshi halitembei katika matope ya masika, wala msafara hauendi bara pahali ambapo ghala ni tupu. Julai, Agosti na Septemba ni miezi mikavu, na vyakula vipo. Kwa hiyo aliyekuwa na safari aliifanya wakati huo, na aliyekuwa na vita pia.

Tutoe mfano wa zamani sana. Mreno Francisco de Almeida aliondoka Lisbon tarehe 25 Machi 1505 na merikebu nyingi. Akaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, akapanda na upepo, na mwezi wa Julai akaiteka Kilwa. Tarehe 13 Agosti alifika mbele ya Mombasa, na tarehe 15 watu wake wakauingia mji, wakauteka nyara na kuuchoma. Sultani wa Mombasa alipoandika waraka kwa Sultani wa Malindi kumpa habari ya yaliyompata, alieleza kwamba aliporudi mjini hakukuta kiumbe aliye hai. Almeida hakuichagua Agosti kwa kupenda. Aliyetoka Ureno mwezi wa Machi hakuwa na budi kufika kwetu wakati kama huo, na ndiyo maana merikebu za Wareno zilionekana mara nyingi katika bandari zetu miezi hiyo ya katikati ya mwaka. Katika Agosti vilevile, mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, ambaye Wareno walikuwa wamemlea na kumbatiza, aliwageukia akaitwaa Ngome yao. Lakini habari hiyo ni ndefu, nayo yastahili maongezi yake peke yake.

Twataka kukaa zaidi na mambo yaliyo karibu na nyumbani.

Mwisho wa mwaka 1884 Mdachi mmoja, jina lake Karl Peters, alipita upesi upesi katika nchi za Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami. Mkononi alikuwa na karatasi zilizoandikwa Kidachi, akawatia machifu mkono. Wengi wao hawakuweza kuzisoma, na ni vigumu kusadiki kwamba walijua walikuwa wanaahidi nini. Mwezi wa Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazikubali karatasi hizo na kutangaza ya kuwa nchi hizo zi chini ya ulinzi wake. Seyyid Barghash wa Unguja alikataa, kwa kuwa alizihesabu kuwa nchi zake, akaandika barua za kulalamika na kupeleka askari bara.

Jawabu lake lilikuja tarehe 7 Agosti 1885. Siku hiyo manowari tano za Kidachi ziliingia bandari ya Unguja, zikasimama mbele ya jumba la Seyyid na mizinga yake. Katika safari hiyo alikuwapo pia Sayyida Salme, dada yake Barghash, aliyekuwa ameondoka Unguja karibu miaka ishirini nyuma na kuolewa na Mdachi. Wakubwa wa Kidachi walimtumia kama karata moja zaidi ya kumtishia kaka yake. Waingereza, ambao Seyyid aliwategemea, hawakumsaidia. Haukulia mzinga hata mmoja. Baada ya siku chache Seyyid alikubali. Kwa maoni yetu siku hiyo ya mizinga iliyonyamaza ilikuwa na uzito kuliko siku nyingi za mizinga iliyolia, maana yote tutakayoyasimulia sasa yalitoka katika mlango uliofunguliwa pale.

Seyyid Barghash akafa mwezi wa Machi 1888. Mrithi wake, Seyyid Khalifa, alitia sahihi mapatano tarehe 28 Aprili mwaka ule ule na Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki. Kwa mapatano hayo kampuni ilipewa kutawala Mrima wote, toka mto Umba hata mto Ruvuma, na kutoza ushuru wa forodha, kwa muda wa miaka 50. Msomaji na aangalie sana neno moja: kampuni ilipewa kutawala kwa jina la Seyyid na chini ya bendera ya Seyyid. Mapatano yalianza kazi tarehe 16 Agosti 1888.

Pangani mkubwa wa kampuni alikuwa kijana mmoja wa kijeshi aitwaye Emil von Zelewski. Alitaka bendera ya kampuni itwekwe juu ya nyumba yake pamoja na ile ya Seyyid, na alitaka liwali wa mji, Abdulgawi bin Abdallah, awe mtumishi wake. Liwali alikataa. Alisema kwamba hana amri ya namna hiyo kutoka kwa bwana wake, na bila amri hawezi. Wala hakuwa mkaidi bure. Mtu aliyepewa kazi na Seyyid, akala mshahara wa Seyyid, angewezaje kuipokea bendera nyingine kwa neno la mgeni aliyefika jana?

Basi Zelewski akaita manowari. Askari wa baharini wa merikebu Carola, wapata mia na zaidi, waliteremka Pangani, wakaingia nyumba ya liwali kumtafuta, wakaiondoa bendera ya Seyyid pale ilipokuwa, na wafungwa wakatolewa gerezani. Siku zenyewe zilikuwa za Idi ya Mfunguo Tatu, ambapo watu wa mji wamevaa kanzu safi na watu wa bara wameshuka kwa wingi kusherehekea. Wazee wa Pangani walisimulia pia ya kuwa Mdachi yule aliingia msikitini na viatu na mbwa wake. Kuidharau bendera kulimkasirisha liwali na wakubwa, lakini kuudharau msikiti siku ya Idi kuliwakasirisha wote, mwungwana na mtumwa, mwenyeji na mgeni.

Ilikuwako na sababu nyingine ya hasira, nayo ndiyo ambayo mkulima wa Muheza ataielewa upesi kuliko wote. Kanuni mpya za kampuni zilileta kodi ambazo hazikuwapo, tena zilidai wenye ardhi na mashamba wathibitishe miliki yao mbele ya kampuni na kuziandikisha. Jiulize, ewe msomaji, shamba alilopanda babu yako minazi, ambalo mipaka yake yajulikana na jirani wote kwa mkorosho huu na kijito kile, utalithibitisha kwa karatasi gani? Watu waliona kwamba waliokuja kukusanya ushuru wa forodha sasa wananyosha mkono mpaka shambani.

Mapema mwezi wa Septemba Pangani ikainuka. Zelewski na wenzake walifungiwa ndani ya nyumba, wasitoke mpaka alipokuja Jemadari Mathews, Mwingereza aliyeongoza majeshi ya Seyyid, akawatoa na kuwarudisha Unguja. Tanga nayo ikainuka siku zile zile, watu wakaipiga mashua ya manowari ya Kidachi, na Wadachi wakaupiga mji kwa mizinga. Kisha moto ukashuka pwani yote hata Kilwa, Lindi na Mikindani. Mwisho wa mwaka kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Kiongozi mkubwa wa upande wa Pangani alikuwa Abushiri bin Salim, na upande wa Saadani alikuwa Bwana Heri.

Mambo mawili ya wakati huo yatupasa kuyataja, kwa kuwa yalitukia huku kwetu. Wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, walipokuwa wakirudi kutoka Usambara walikamatwa, wakafungwa minyororo, na Abushiri hakuwaachia mpaka alipolipwa rupia 10,000. Lakini Askofu Smythies wa misheni iliyokuwa na kituo Magila, hapa jirani na Muheza, alipokuwa Pangani katika ghasia hizo na watu wakataka kumdhuru, Abushiri huyo huyo alimlinda. Wadachi walimwita Abushiri mwizi na mwuaji. Twaona ni vema msomaji ayaweke mambo hayo mawili pamoja kabla ya kumhukumu.

Kampuni ikashindwa, serikali ya Ujerumani ikaingia yenyewe. Hermann Wissmann alikuja mwaka 1889 na askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, na mwezi wa Julai akazitwaa Pangani na Tanga. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alifanya amani mwaka uliofuata.

Na Zelewski je? Habari yake haikwisha Pangani. Alirudi, akapanda cheo, na mwaka 1891 akawa mkubwa wa jeshi lote la Wadachi katika nchi hii. Mwaka huo aliongoza safari ya kwenda kuwatiisha Wahehe wa Mtwa Mkwawa. Wahehe walimwita Nyundo. Alikuwa na Wazungu wachache, askari zaidi ya 300, wapagazi wengi na mizinga. Njiani alichoma vijiji, wala hakutuma wapelelezi wa kutosha mbele yake, kwa kuwa aliwadharau watu wa mikuki.

Tarehe 17 Agosti 1891, asubuhi, msafara wake ulikuwa ukipita Lugalo, karibu na Iringa, umenyoka katika mstari mrefu kati ya mawe na vichaka. Wahehe walikuwa wamelala humo kwa maelfu. Ishara ilipotolewa waliinuka mara moja, wakawa juu ya askari kabla hawajawahi kutia risasi bundukini. Kwa dakika chache tu mambo yalikwisha. Zelewski aliuawa pale pale, na pamoja naye wengi wa Wazungu wenzake na sehemu kubwa ya askari. Wachache waliokuwa nyuma waliokoka na kurudi pwani. Wahehe walipata bunduki wapata 300 na mizinga mitatu. Lakini wao pia walizika watu wengi siku ile.

Ni miaka mitatu kamili na siku moja kati ya tarehe 16 Agosti ya Pangani na tarehe 17 Agosti ya Lugalo. Hatusemi kwamba siku zina kisasi. Twasema kwamba mtu yule yule alifanya kosa lile lile mara mbili: alifikiri kuwa asiyekuwa na bunduki kama yake hana akili wala subira. Pangani aliponea chupuchupu. Lugalo hakupona. Wadachi nao hawakusahau. Walikwenda tena mwaka 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga, na Mkwawa akaishi akiwindwa mpaka alipojiua mwezi wa Julai 1898. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, kikarudishwa kwa Wahehe mwaka 1954.

Sasa turudi baharini. Mwaka 1896 reli iliyoanzwa kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza. Wazee wetu wa Bonde walikuwa ndiyo kwanza wanazoea kuona gari la moshi likiingia kati ya mashamba yao, zilipokuja habari kutoka Unguja ambazo hata waliozileta walisita kuzisadiki.

Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Hamad bin Thuwaini alikufa ghafula. Mara ile Seyyid Khalid, mwana wa Barghash, akaingia jumbani na watu wake na kujitangaza kuwa Sultani. Waingereza hawakumtaka. Kwa mapatano yaliyokuwapo, hakuna aliyeweza kutawazwa pasipo ridhaa ya balozi wao, na wao walikwisha mchagua Seyyid Hamoud bin Mohammed. Khalid aliambiwa aondoke. Akakataa, akakusanya watu wapata 2,800, wengine askari, wengine watumishi na watu wa mji, na mizinga michache aelekeze baharini. Bandarini zilikuwako manowari tano za Kiingereza chini ya Amiri Rawson. Jawabu la mwisho lilitakiwa kabla ya saa tatu asubuhi, tarehe 27 Agosti.

Saa tatu ikapiga, bendera ya Khalid haikushuka. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga. Jumba lililokuwa na mbao nyingi likashika moto. Merikebu ya Sultani, Glasgow, ikajibu kwa mizinga yake midogo, ikazamishwa pale pale bandarini. Ilipopata saa tatu na dakika arobaini bendera ilikuwa imeanguka na mizinga ikanyamaza. Vita vyote vilichukua kama dakika 38. Vitabu vingi vya Kizungu hupenda kukitaja kisa hiki kwa kicheko, kwamba ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Katika dakika hizo waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid walikuwa wapata 500, na upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Mwanamke aliyekuwa akikoroga uji saa tatu alikuwa mjane kabla uji haujaiva.

Seyyid Khalid alikimbilia nyumba ya balozi wa Kidachi. Waingereza walimngoja nje, maana akikanyaga tu ardhi ya Unguja wangemkamata. Alikaa humo zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa sana, mashua ya manowari ya Kidachi ilisogea mpaka kwenye ngazi za nyumba, akaingia mashuani bila kukanyaga mchanga, akapelekwa Dar es Salaam. Hila hiyo ya maji kujaa na kupwa yapaswa kuwafurahisha wavuvi wetu. Alikaa Dar es Salaam hata Waingereza walipomkamata mwaka 1916, wakampeleka mbali visiwani, na mwisho wakamruhusu kuishi Mombasa, ambako alifariki mwaka 1927. Na Seyyid Hamoud, aliyewekwa na Waingereza siku ile ile ya tarehe 27, ndiye aliyetia sahihi amri ya Aprili 1897 ya kuuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba.

Agosti ya mwaka 1905 ni ya vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwishoni mwa Julai katika nchi ya Wamatumbi kwa kung'oa pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini kufa kwake hakukuvizima vita. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge na kuanguka mbele ya bunduki za mtambo. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno, na wako wataalamu wanaowakadiria kufika 300,000. Vita hivyo havikufika Bonde wala Usambara. Kwa hiyo watoto wa huku huvijua kwa kitabu tu, na ndiyo maana tunavitaja.

Katika mwaka 1914 sababu ya Agosti haikuwa upepo wetu wala ghala zetu. Ilitoka Ulaya. Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani tarehe 4 Agosti, na siku nne baadaye, tarehe 8, manowari ya Kiingereza Astraea iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga. Shabaha yake haikuwa ngome wala jumba, bali mnara wa simu ya upepo. Jambo hilo latushughulisha sisi tunaosema na watu kwa njia hiyo hiyo ya hewa: tangu siku za kwanza za vita walijua ya kuwa mnara wa maneno una nguvu kama mzinga. Tarehe 15 Agosti Wadachi wakavuka mpaka na kuitwaa Taveta.

Tanga ilikuwa na habari ya namna yake. Mwezi ule wa Agosti manowari ya Kiingereza ilifika, na wakubwa wa mji wakafanya mapatano kwamba Tanga isipigwe nayo isipigane. Mwanzo wa Novemba manowari nyingine ilikuja kusema kuwa mapatano yamevunjika, na nyuma yake zilikuwako merikebu zilizochukua askari wapata 8,000 kutoka Uhindi. Hapo ndipo reli yetu ilipofanya kazi ambayo wajenzi wake hawakuifikiri. Jemadari Lettow-Vorbeck aliwateremsha askari wake kutoka Moshi kwa gari la moshi, wakapita Korogwe na Muheza usiku na mchana, wakafika Tanga kwa wakati. Walikuwa wapata 1,000 tu, nao wakashinda. Watu husimulia zaidi habari ya nyuki waliowatimua askari wa Kihindi katika mashamba. Nyuki walikuwako kweli, lakini bila reli nyuki peke yao wasingeiokoa Tanga.

Ziko Agosti nyingine za karibu zaidi. Tarehe 21 Agosti 1961 Jomo Kenyatta alifunguliwa kutoka kifungo, naye akafa mwezi huo huo, tarehe 22, mwaka 1978. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Wahindi wa Uganda watoke katika muda wa siku 90. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu zaidi ya 200, wengi wao wapita njia na makarani wa kazi zao za kila siku. Tarehe 8, ambayo kila mtoto wa Tanzania aijua kwa jina la Nane Nane, ni sikukuu ya wakulima.

Imebaki kusema neno juu ya kuzihesabu siku zenyewe. Tunalisema kwa ajili ya wale walio na karatasi za babu zao katika kasha, au walio na kaburi la zamani lenye maandishi. Mzee wa Mrima hakuandika Agosti. Aliandika mfunguo, na mwaka wa Hijra. Mwaka wa Hijra hufuata mwezi mwandamo, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Agosti haikai na mfunguo mmoja. Ile Agosti ya Pangani, mwaka 1888, ilikuwa na Idi ya Mfunguo Tatu. Miaka minane baadaye, Unguja ilipopigwa, Agosti ilikuwa katika Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Miaka minane mara siku 11 ni siku 88, yaani karibu miezi mitatu, na toka Mfunguo Tatu hata Mfunguo Sita ni miezi mitatu. Hesabu imekubaliana.

Mabaharia na wakulima walikuwa na hesabu nyingine, ya Siku ya Mwaka, iliyokwenda kwa miongo ya siku kumi kumi mpaka zitimie 365. Hiyo hufuata jua, ndiyo maana ilifaa kwa upepo na kupanda. Lakini haina ile siku moja inayoongezwa Februari kila mwaka wa nne, na hivyo hurudi nyuma polepole. Zamani za Seyyid Barghash Siku ya Mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi watu wa Makunduchi huoga mwaka katika Julai. Basi mzee akikuambia kuwa jambo fulani lilitukia siku kadha baada ya mwaka, umwulize kwanza ni zamani za nani.

Kwa mwaka wa Hijra iko njia nyepesi. Chukua mwaka ulioandikwa, toa sehemu tatu katika kila mia, kisha ongeza 622. Tuchukue mfano wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mtu wa pwani hii ya Tanga, aliyeviona vita vya Abushiri kwa macho na kuvitungia utenzi. Utenzi huo ulihaririwa baadaye na J. W. T. Allen, nao wajulikana kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na katika jina lake umeandikwa mwaka 1307. Sehemu tatu katika mia za 1307 ni 39 na kidogo. Ukizitoa, hubaki 1268 kasoro kidogo. Ongeza 622, utapata 1890 kasoro kidogo, yaani mwisho wa mwaka 1889, wakati ule ule Abushiri aliponyongwa Pangani. Na siku ya kwanza ya mwaka huo wa 1307, ukiitafuta katika kalenda ya Kizungu, iliangukia mwishoni mwa Agosti 1889.